Dalali Wako Anasema Saba ni Ndogo Kuliko Sita

Tabata, Jumapili

Somo yangu Mwanaidi,

Nimeolewa! Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukilingoja, na kwa sababu nikianza na yale mengine sitalifikia hili. Nimeolewa na Jabiri, Jabiri yuleyule, mwalimu wa hesabu uliyembandika jina la Shingo Ndefu siku alipokuja dukani kupigiwa chapa mitihani akasahau kuondoka. Mvua ilinyesha asubuhi ya harusi, ikakoma yenyewe adhuhuri kama mgeni mwenye adabu. Nilivaa lile gauni la rangi ya maziwa, ulilolichagulia kitambaa wewe mwenyewe, na asumini zilinishuka mpaka mabegani. Mlangoni, mahali pako, alisimama shangazi yangu. Alinipa maneno ya kuniingiza ndani, mazuri tu, ila mie nilikuwa namtazama mdomo nikisubiri sauti yako itoke humo.

Nampenda, Somo. Nampenda mpaka naona haya. Sasa hivi nimekaa barazani na kikombe cha chai aliyoipika yeye. Ametia iliki nyingi kupita kiasi, nami nainywa yote. Asubuhi ananiamsha kwa kuniimbia na wala sauti hana. Akitoka kwenda shule, akifika kwenye kona ya muuza mkaa, anageuka na kuinua madaftari ya wanafunzi juu kama mtu anayevuka mto, nami nipo dirishani kila siku, sijawahi kukosa. Tuna vyumba viwili na jiko moja la mafuta ya taa. Majirani wanatuuliza, "Nyie mtachoka lini?" Nawajibu tumeanza juzi tu, watupe muda.

Ungenicheka. Kisha ungefurahi kuliko mama yangu mzazi. Hilo ndilo linalonitia uchungu, kwamba najua ungefurahi kweli, na bado ulinifanyia ulivyonifanyia.

Duka lako la Temeke limefungwa. Kibao wamekishusha, na pale palipokuwa na meza yako sasa panauzwa redio na feni za Dubai. Baada ya arobaini yako kaka yako aliniita akanikabidhi mashine yako na sanduku la disketi. "Wewe, Kidawa, ndiye mwari wake," alisema. "Sie hatujui hata kuiwasha." Nililia mpaka akajuta kunipa. Nilidhani nimerithi kila kitu. Nilidhani nimemrithi Dalali.

Unakumbuka ulivyonieleza habari zake, nilipokuja kwako nimemaliza kidato cha nne, najua kupiga chapa tu na kuogopa kompyuta? Ulisema kompyuta ni nyumba. Ule mfumo unaoamka kwanza mashine ikiwashwa, wenye namba yake, ndiye mwenye nyumba. Programu nyingine zote, ya kuandikia barua, ya kujumlisha alama za wanafunzi, ya mambo ya stoo, hizo ni wapangaji. Na kila mpangaji ana masharti yake: huyu hakai ila kwenye nyumba ya namba fulani kwenda juu. Kabla yako watu walikuwa wakiingiza wapangaji kwa mkono, ovyo ovyo, mmoja anamkanyaga mwingine, na mashine ikigoma wanalaumu mgawo wa umeme. Wewe ukamtunga Dalali. Disketi moja tu. Anaingia, anamuuliza mwenye nyumba, "Wewe namba ngapi?" Analinganisha na masharti ya mpangaji. Vikipatana, anampa chumba na kumwandikisha. Ukitaka mpangaji ahame, Dalali anamtoa na virago vyake vyote bila kubomoa ukuta wa jirani. Zahanati wakamtaka. Shule zikamtaka. Wenye maduka, waliokuwa wanachipuka kila kona tangu mambo yalipokuwa ruksa, nao wakamtaka. Na kila alipoingia kwenye mashine, kitu cha kwanza kuonekana kiooni kilikuwa jina lako: DALALI WA MWANAIDI.

Mie nilikuwa na swali moja tu, na nilikuuliza zaidi ya mara moja. Somo, hawa wenye mifumo wakibadilisha namba je?

"Waje na saba, waje na mia," ulinijibu, mguu juu ya mguu. "Dalali wangu hababaiki."

Nilikuamini. Ningeachaje kukuamini? Jioni, mlango ukishashushwa, wewe ndiye uliyenigeuzia kiti tukaacha habari za kompyuta tukaingia habari za unyumba. Ulinifundisha mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, Jabiri akiyasoma atazimia. Lakini moja nilitaje. Ulisema, "Mumeo akikuuliza usilolijua, sema sijui. Usimtungie jawabu. Nyumba nyingi zimevunjwa na watu walioona haya kusema sijui." Nilikuwa nikipaka nta kwenye meza, nikaacha, kwa kuwa uliyasema kama mtu anayekula kiapo.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Shule ya Jabiri imepata kompyuta. Wazazi walichanga, na Jabiri ndiye aliyeambiwa atafute mashine. Akaniuliza mkewe, nami kwa furaha zangu nikampeleka kwa Kaka Mbaruku, yule rafiki yako mwenye makontena aliyekuwa akituletea mashine Temeke. Zilikuja mpya kabisa, na nailoni zake. Makashani pameandikwa Tisini na Tano. Maana hawa wenye mfumo wamechoka kuhesabu kama zamani, Somo. Tulizoea sita kavu, kisha sita nukta ishirini, kisha sita nukta ishirini na mbili, taratibu kama mtu anayepanda ngazi. Ghafla wameuita kwa mwaka. Lakini ukimuuliza mwenye nyumba mwenyewe, kule ndani, anakwambia Tisini na Tano ni jina la barazani tu. Jina lake la ndani ni saba. Saba nukta sufuri.

Wewe ulikuwa unalijua hilo. Nitafika huko.

Siku ya kuziwasha walikuwepo Mwalimu Mkuu, walimu kadhaa, bwana stoo, na mama mmoja wa kamati ya wazazi. Nilijifukiza udi, nikavaa kanga mpya. Nilitaka Jabiri aseme "huyu ni mke wangu" mbele yao, na akasema, tena mara mbili, ya pili bila sababu. Nikatia disketi yako. Jina lako likatokea. Nikajiona nimefika. Nikamwambia Dalali alete mpangaji wa kwanza, ile programu ya alama za wanafunzi.

Akaandika: MFUMO HUU NI WA ZAMANI MNO. TAFUTA MASHINE MPYA.

Nikajaribu mashine ya pili. Vilevile. Nikazijaribu zote, na zote Dalali akazitukana hivyohivyo, moja baada ya nyingine, huku nailoni za makasha zikivuma kwa upepo wa feni.

"Ehee!" bwana stoo akasema. "Mashati mitumba, viatu mitumba, sasa hata kompyuta!"

Walicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. Akasema polepole, "Mwalimu Jabiri, wazazi walituamini." Na yule mama wa kamati akanitazama kuanzia kanga mpaka hina ya miguuni akasema, "Mke ndiye anayemjua muuzaji, mume ndiye aliyenunua. Jamani, hivi fungate ya nani tumeilipia?"

Somo, nilitamani ardhi ipasuke. Hina yangu ilikuwa bado haijaanza kufifia, na tayari nimemfanya mume wangu mwizi.

Jabiri wangu alisimama. Alisema, "Mke wangu si mwongo, na mashine hizi si kuukuu. Sijui ni nini. Nipeni mpaka Jumamosi." Jumamosi ndiyo siku ya mkutano wa wazazi. Mwalimu Mkuu akamwambia sawa, ama mashine zifanye kazi mbele ya wazazi, ama asimame mwenyewe awaeleze fedha zao zimekwenda wapi. Tukatoka. Njiani hakunilaumu hata kwa pumzi. Alinishika mkono, mchana kweupe, Tabata nzima inatazama, na yeye ni mtu ambaye kabla ya hapo hata kiwiko hakunigusa barabarani.

Na mimi, unajua nilimshuku nani? Mbaruku. Dalali sikumshuku kabisa. Kwangu, kumshuku Dalali ilikuwa kukushuku wewe.

Kesho yake nikaenda Temeke. Mbaruku alikuwa mlangoni kwake anahesabu feni.

"Bi harusi! Karibu. Ndoa imekupenda, umenawiri."

"Sikuja kusifiwa, Kaka Mbaruku. Umetuuzia mashine za zamani kwenye makasha mapya."

Akaanza kucheka, akaniona macho, akaacha. Akaniongoza mpaka kwenye mashine yake ya ofisini, Tisini na Tano kama zetu. Akatia disketi. DALALI WA MWANAIDI. Akamwambia alete mpangaji, na Dalali akamleta, kimya, bila tusi. Nyumba ileile ya saba. Dalali yuleyule.

"Hii alinitengenezea marehemu," alisema. "Mashine ya kwanza ya namba saba niliileta dukani kwenu. Wewe ulikuwa umekwenda kwenu Mbagala kwa mambo ya posa. Dalali akaikataa hivyohivyo, mbele yangu."

"Somo akasema nini?"

"Alicheka. Akakaa mchana ule, akanipa hii, mie peke yangu, kwa sababu mie ndiye ninayeziuza. Nikamuuliza, na wateja wako wengine? Akasema, waache, wakikwama watanifuata wenyewe."

"Na mimi?"

"Bi harusi, mtu keshakufa."

"Na mimi, Kaka Mbaruku?"

Akaanza tena kuhesabu feni ambazo hazikuwepo mle ndani. Kisha akasema, "Alisema, Kidawa anaolewa, nikimpa na hili, atakwenda kufungua duka lake Tabata, na mie nibaki na nani?"

Basi.

Ulijua. Uliiona kasoro kwa macho yako, ukaiziba kwa mtu mmoja, ukatuacha wengine wote mlangoni. Zahanati. Shule. Mimi. Na niliporudi kutoka Mbagala nikiwa na pete kidoleni, nikakuuliza tena lile swali langu, kwa kuwa nilisikia watu wanasema mfumo mpya unakuja. Unakumbuka tulikuwa tunafanya nini? Ulikuwa unanipaka hina ya kujaribu, kuona kama rangi itashika. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wako. Ukasema, "Hababaiki, mwari wangu," na wala kidole chako hakikutikisika, ua halikuharibika.

Ningekupa chochote. Ungeniambia tu, Kidawa, usihame, naogopa kubaki peke yangu. Ningekuja Temeke kila siku ya Mungu. Ningemwambia Jabiri tupange Temeke! Lakini wewe uliona heri unifungie mlango na ufunguo uuweke kifuani mwako, kisha ukaenda nao. Hata ugonjwa wenyewe ulituficha. Kila tulipokuuliza ulisema ni vumbi la barabara.

Mbaruku alitaka nichukue ile disketi yake. Niliitazama kwanza nione ulichofanya humo. Ulimwambia Dalali akikutana na saba afumbe macho apite. Saba tu. Siku wakija na nane, mlango umefungwa tena, na mwenye kuufungua yuko kaburini. Nikamrudishia.

Nyumbani nilimweleza Jabiri yote, sikumficha neno. Nilidhani atakuchukia. Alisema tu, "Lete tuone alichoandika." Ijumaa baada ya sala akavua kanzu akaketi nami mbele ya mashine yako, mabega yanagusana (ah, Somo, hata katika hasira zile nilikuwa nasikia harufu ya sabuni yake), nikamfungulia maandishi ya Dalali, pale panapoulizwa namba. Aliyasoma kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Kidawa, wewe ni mnunuzi wa mchele. Umesema humtaki mtu ila mwenye kilo sita na robo au zaidi. Mie nimekuja na kilo saba kamili. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize alivyouliza yeye. Kwanza, kilo sita ninazo?"

"Unazo, na zaidi."

"Haya, na robo ninayo?"

"Robo... huna. Una saba kamili."

"Basi nifukuze! Mchele wangu hautoshi!"

Nilicheka mpaka nikamwangukia, kisha kicheko kikageuka, nikalia palepale begani kwake. Maana ndivyo hasa. Mpangaji akitaka sita nukta ishirini kwenda juu, uliuliza maswali mawili, kila moja peke yake. Namba ya mbele ni sita au zaidi? Namba ya nyuma ni ishirini au zaidi? Kwa nyumba za zama zetu alijibu sawasawa. Ya tano alikataa, na ilistahili. Sita kavu alikataa, na ilistahili. Sita nukta ishirini na mbili alikubali. Ikaja saba nukta sufuri, nyuma ana sufuri, akamwita mzee. Kumbe ilitosha kutazama ya mbele kwanza: ikiwa kubwa, karibu ndani, usiulize tena, zikilingana, hapo ndipo uitazame ya nyuma.

Kosa lenyewe ningekusamehe pale pale, Somo. Mtu yeyote angeuliza vile. Hata mie, ulivyonifundisha, ningeandika vilevile. Ninachokulilia ni kwamba uliliona kisha ukalifanya mtego.

Tulilitengeneza sisi wawili. Jabiri anasema, mimi naandika, nakosea, anasubiri. Tulipomaliza, nikampa saba kwa kumwandikia tu, akapita, na sita kavu akakataliwa kwenye ile mashine yako kuukuu kama inavyopasa. Nikataka kuzima. Jabiri akasema bado. "Na akikutana na namba ambayo hata sisi hatujaiota?" Nikaandika maneno mapya. Nitakwambia mwishoni niliandika nini.

Jumamosi umeme ulikuwa zamu yetu, nashukuru. Wazazi walijaa darasani, wengine dirishani. Yule mama wa kamati alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani. Nikatia disketi, jina lako likatokea, Dalali akaingia mashine moja baada ya nyingine akawapangisha wapangaji wote, na programu ya alama ikafunguka na majina ya watoto wao. Watu wakapiga makofi. Bwana stoo akasema, "Jamani, mitumba imefufuka!" na safari hii nilicheka naye.

Mwalimu Mkuu akaniomba nieleze kilichokuwa kimetokea. Nikawaeleza mchele. Kilo sita na robo, kilo saba kamili, robo huna, toka! Walicheka darasa zima, wababa wanapiga madawati. Jabiri alikuwa ukutani, ananitazama vile anavyonitazama. Nikajua jina lake limesafika. Somo, nilikuwa na furaha, nikasahau kila kitu.

Kisha yule mama akasimama. Hakuwa na ubaya safari hii, aliuliza kwa utulivu. "Mwanangu, umeeleza vizuri. Nina swali moja. Mie nipo pia kwenye kamati ya zahanati, na sie tunaye huyuhuyu Dalali. Huyo aliyemtunga, alijua ana kasoro akatuuzia hivyohivyo, au hakujua?"

Jina lako lilikuwa pale kiooni nyuma yangu, kubwa. Jabiri alikuwa anajua. Mbaruku, aliyekuja kuona mashine zake zikiwashwa, alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, naye anajua. Ilikuwa neno moja tu, na lilikuwa la haki yao. Nikafungua mdomo. Niliona mkono wangu ndani ya mkono wako, na hina.

Nikasema, "Sijui."

Umenisikia? Nilisema sijui. Neno lile ulilonifundisha liwe la kweli siku zote, ulilonikabidhi kwa ajili ya ndoa yangu, la kwanza kulisema mbele ya watu nikiwa mke wa mtu, nimelisema la uongo. Nimelisema kwa ajili yako. Nilikufunika nalo kama sanda ya pili. Yule mama akaitikia kwa kichwa, "Haya, marehemu hasemwi," akaketi. Na mie nikamaliza mkutano ule nikitabasamu, na nikasalimiana na kila mtu, na moyo wangu ulikuwa umekukasirikia kuliko siku ile kwa Mbaruku. Kule ulinidanganya. Hapa ulinifanya mwongo.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya muuza mkaa Jabiri akasimama.

"Mtu wako umemsitiri," alisema. "Si neno. Ila mie usije ukanisitiri hivyo, Kidawa."

Nikamwahidi. Nilimwahidi huku nalia, na watu wanapita. Sasa unaona nina ahadi mbili za ndoa, ile ya mbele ya kadhi, na hii ya mbele ya magunia ya mkaa, na hii ya pili ndiyo nitakayoikumbuka zaidi.

Kesho naanza mzunguko. Nitakwenda zahanati kwanza, kisha kwa kila mteja wako ninayemkumbuka, nibadilishe disketi zao kabla Tisini na Tano haijawafikia. Kaka Mbaruku amejitolea kunipeleka kwa pikapu yake. Nadhani dhamiri inamuwasha. Nitawaambia kuna marekebisho. Wakiniuliza zaidi, nitawaambia ukweli niwezao kuusema: kwamba Dalali hakujua kulinganisha, na sasa anajua. Lile la sijui halitarudiwa. Moja lilikutosha.

Jina lako nimeliacha kiooni. Nilishalifuta kwa hasira usiku wa kuamkia Jumamosi, asubuhi nikalirudisha mwenyewe. Ulimtunga wewe.

Na yale maneno niliyokwambia nitakueleza mwishoni ni haya. Tusi lako la "mfumo wa zamani mno" sasa anaruhusiwa kulisema kwa nyumba anazozijua tu, zile alizokutana nazo na kuzipima. Akikutana na namba asiyoifahamu kabisa, iwe nane, iwe mwaka, iwe jina la mnyama, maana watu hawa sasa wataita chochote, anaandika: NAMBA HII SIJAWAHI KUIONA. SIJUI KAMA ITAFAA. TUJARIBU? Dalali wako sasa anasema sijui, Somo, na akisema ni kweli.

Mimi nikimpata mwari wangu, wa kompyuta au wa ndoa, au wote kwa pamoja kama mie kwako, nitampa kila kitu kabla hina haijamkauka. Akitaka kuhama na ufunguo, ahame. Nitamwomba anitembelee.

Ijumaa tutakuja makaburini, mimi na Shingo Ndefu. Atakusomea yeye, ana kisomo kizuri kuliko nyimbo zake. Mimi nitang'oa majani na kukumwagia maji ya waridi, yale uliyoyapenda. Ulale salama, mama yangu wa pili, mwalimu wangu, mwongo wangu.

Najua ungependa kujua kama nimekusamehe.

Sijui. Na safari hii, Somo, ni kweli.

Mwari wako,
Kidawa, mke wa Jabiri